Ng'ombe Uliyemtoa Mdomoni

Masanja,

Leo nimetafuna muwa mzima kwa upande wa kulia. Masumbwe nzima imesimama kunishangaa.

Haya, nimedanganya. Niling'ata mara moja nikaogopa, muwa nikampa mbuzi. Lakini fizi haikutoka damu, na jino halikucheza. Hilo ni kweli, na ndilo linalonipandisha hasira nikikukumbuka, mjinga wewe.

Usiniambie marehemu hatukanwi. Mimi Mzaramo, wewe Msukuma. Utani wetu hauna likizo ya msiba.

Si tulikwenda wote Shinyanga, meno yetu yamelegea? Yule daktari wa meno akatueleza taratibu: anatutia kiunzi, kitu laini kama sifongo, kimetengenezwa kwa ngozi ya ng'ombe iliyosafishwa, kati ya fizi na mfupa. Nyama na mfupa viote humo, kisha chenyewe kiyeyuke. Upande mmoja tu, kwangu wa kulia. Wa pili unaachwa ili alinganishe. "Bado tunajaribu, wazee wangu. Siwaahidi kitu." Wewe ukamwuliza, "Huyo ng'ombe ni dume au jike?" Nilicheka mpaka nikamtemea daktari pamba.

Ukarudi machimboni Katoro unajitapa kwa wenzako kwamba una ng'ombe asiyehitaji malisho. Ungenyamaza! Shimo lenu lilipoacha kutoa dhahabu, mganga wenu akapata jibu: anayeila ni ng'ombe wa mdomoni mwa Masanja. Na wewe, baba mzima, ukakaa juu ya ndoo ukamwachia akuchokoe fizi kwa wembe amtoe. Wembe, Masanja! Taya likavimba, homa ikapanda, hospitali ukakataa kwa kumwonea haya daktari. Siku nilipofika hukuweza hata kunitukana. Hapo nikajua umekwisha.

Na mganga? Alikuja msibani na shuka mpya, akakaa mbele kabisa, anatangaza kwamba kiunzi cha hospitali ndicho kilichokuua. Na watu wanaitikia!

Basi nikashuka kaburini mwako nikalala chali. Ndugu zako wakacheka, wakijua mtani anadai kuku wake. Wakaleta jogoo, nikamkataa. Wakaleta na wa pili. "Mtani, toka bwana, jua linatuchoma!" Nikawaambia sitoki mpaka mganga aseme mbele ya maiti alikuchokoa kwa kitu gani. Ndipo binti yako Kabula akasema, "Kwa wembe. Mimi ndiye niliyeshika kikombe cha damu." Mganga akaondoka bila kula. Nikatoka na udongo mpaka masikioni. Majogoo niliwachukua baadaye, wote wawili. Mila ni mila.

Lakini hasira haijaisha. Meno ya Kabula nayo yanacheza kama yako. Daktari amemtengea Jumanne ijayo, mama yake hataki: anasema hospitali imeshamla mume, haitamla na mtoto. Nimempigia magoti, mimi! Ananimiminia chai, anakataa. Na daktari nimemgombeza kwenye simu: mambo haya ungekuja kutueleza hukuhuku machimboni, si kutungojea kwenye kiyoyozi. Hakunibishia. Amesema atakuja. Sijui kama kiunzi kitamfaa Kabula; bado kinajaribiwa, na changu huenda kikaniaibisha mwakani. Ila akikataa, akatae kwa akili yake, si kwa uongo wa yule muuaji.

Kwa heri, mtani. Lipumzishe hilo domo. Nakuahidi nitakwenda kila kipimo, nikae pale nimeachama, kwa ajili yangu na yako.

Ila una deni langu: niliilaza mifupa yangu mizee kwenye udongo ule ili usizikwe na uongo. Nilipe kidogo tu. Nyie Wasukuma, wafu wenu wakija ndotoni husikilizwa. Mtokee Mama Kabula kabla ya Jumanne, umwambie amwache mtoto apande basi la Shinyanga. Na usimtishe, bwana. Vaa shati.

Mtani wako,
Mwinshehe