Kaburi la Dada Yako Ukingoni mwa Kijito

Kambi ya Wafanyakazi,
Njoro.
11 Machi 1957

Mpendwa Mjomba Wamalwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo huko Mombasa? Joto limekuachia nyama kidogo mwilini? Goti lako je? Sisi tu wazima, ila mimi usingizi umenihama. Nisamehe, mimi mke wa mpwa wako, kwa kukuandikia moja kwa moja. Khaemba hajui.

Mwaka juzi nyapara aliamuru kijito chetu kinyooshwe ili mahindi yapate nafasi. Khaemba ndiye aliyeongoza wenzake kukata kona zote, na alivyojisifu! Maji yalipokosa kona yakashika mbio, yakaanza kuchimba chini. Sasa kijito kimekuwa korongo. Mizizi ya miti inaning'inia hewani, na kingo zinamegeka hata siku ya jua.

Bwana shamba Kiptanui alikuja akapima. Alisema kwanza kingo zichongwe ziwe mteremko, ndipo watu washuke kurudisha kona, kupanga mawe na kupanda matete. Majirani wote wamefuata. Sisi bado.

Kwetu, juu ya ukingo ndipo alipolala dada yako. Ukiuchonga, unafukua kaburi. Khaemba amekataa katakata: kaburi la mama haliguswi bila neno la mjomba. Na kukuomba anaona haya, kwa kuwa kosa la kona anajua ni lake. Basi anashuka kupanga mawe chini ya ukuta wa udongo uliosimama wima, mama yake yuko juu ya kichwa chake.

Jana udongo uliporomoka nyuma yake, mzigo wa mkokoteni mzima. Nilipiga mayowe hadi sauti ikakauka. Yeye akapangusa mabega, akasema, "Wacha makelele, mama Namalwa. Mama hawezi kuniangukia." Mjomba, naogopa. Udongo haujui mtoto wa nani. Na kule juu ya milima ya Mau mawingu ya mvua yameshakuwa meusi.

Msalimie sana mama Nelima na watoto. Mungu akulinde na mizigo ya bandarini.

Usijibu kwa barua, itachelewa. Peleka telegramu, neno moja linatosha: Mhamisheni. Dada yako alimbeba Khaemba mgongoni kutoka Kimilili hadi hapa. Usikubali awe ndiye wa kumfukia.

Wako akupendaye na kukuheshimu,
Nasimiyu, mama Namalwa