Mashati Yasiyo Yangu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na shemeji na watoto, na kwamba mgongo umepunguza kukusumbua. Mimi sijambo kiasi. Nasema kiasi kwa sababu wewe sikuwezi kwa uongo.

Uliuliza kwa nini nimekuwa kimya. Hapa kiwandani tunashona mashati, na kila fundi hutia kijikaratasi cha namba yake ndani ya kola. Jirani yangu wa mashine tulimwita Mama Kijacho, alikuwa na mimba ya miezi saba. Siku moja aliomba ruhusa ya kwenda chooni mara tatu, msimamizi akamkatalia, mwishowe akajikojolea kitini. Yule bwana akamsimamisha mbele yetu na gauni lililolowa, akisema kiwanda si wodi ya wazazi. Jamani, nilipandwa na mori! Nikaenda ofisini kueleza yote.

Basi nikakiona cha mtema kuni. Kila asubuhi nilirudishiwa mashati mabovu, mikono imepinda, kola zimevutika, yote yana namba yangu. Dada, mshono wangu naujua hata nikifumba macho. Yale hayakuwa yangu. Wenzangu nao, nikisalimia, wanainamia vyerehani. Zikaja barua mbili za onyo, na ya tatu ingekuwa ya kufukuzwa.

Sasa nisikilize, na usinionee huruma. Kabla hiyo ya tatu haijaja, msimamizi aliniwekea karatasi nyingine: kwamba siku ile sikuona kitu, na kwamba Mama Kijacho ndiye aliyenituma nimchafulie msimamizi jina. Nikatia sahihi. Kesho yake mashati mabovu yakakoma, na Mama Kijacho akaachishwa kazi.

Hawakumwambia sababu. Akaja kuniaga, akanishika mikono yote miwili, akasema kiwanda kizima ni mimi peke yangu niliyemsemea, na mtoto akiwa wa kike atampa jina langu. Nami nikamwambia asante. Kiti chake hakijapata mtu bado, na kila nikiinua macho namwona amesimama pale na gauni lake.

Juzi nimesikia amejifungua. Ni wa kike.

Nisalimie shemeji, na watoto wote uwabusu. Mama akiniulizia, mwambie nipo kazini.

Ni mimi mdogo wako,
kitinda mimba