Mkate wa Kumi na Saba

Chumba cha juu ya tanuri,
Nyumbani.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Kaka yangu mpendwa, Njiti,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, umelala vya kutosha na umekula. Wifi hajambo? Na binti yenu, yale meno ya mbele yameshaota? Sisi huku tu wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, lakini ikifika saa nne ameshalisahau na anazunguka nyumba nzima akitafuta mtu wa kumkosoa. Baba naye hashikiki siku hizi, na ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu. Kwenye simu huwa unaniuliza, "Mzee hajambo?" nami najibu hajambo, kisha unanihamishia kwenye habari za mvua. Leo hutaniponyoka.

Mwaka jana nilikuambia kwamba nilianguka darasani, ila nilikupa nusu ya habari. Nilikuwa nafundisha sehemu, chaki mkononi, mara ubao ukaanza kwenda zake. Wanafunzi walidhani ni mbinu mpya ya hesabu, wakasubiri jibu. Kumbe damu ilikuwa imepungua tena. Nilikuwa nimemeza vidonge vya kuongeza damu kwa miaka mitatu bila faida. Safari hii nikampata daktari mwanamama asiyependa kubahatisha. Akapima damu, akapitisha mpira wenye kamera kooni hadi kwenye utumbo, na majibu yalipotoka akaniita ofisini kwake akafunga mlango.

Ugonjwa wenyewe unaitwa siliaki. Ndani ya ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai kuna kitu kiitwacho gluteni, na utumbo wangu ukikutana nacho unajishambulia wenyewe mpaka chakula kinapita bila kuacha faida mwilini. Dawa ni kutokigusa kabisa, hata chembe, maisha yote. Daktari akauliza kama nyumbani kwetu tunatumia ngano sana. Nilicheka hadi akaniletea maji. Nikamwambia mimi nimelelewa juu ya magunia yake.

Basi nikaanza maisha mapya. Wali, viazi, mayai, matunda. Mwili ulirudi, mashavu yakajaa, lakini nilikuwa na huzuni ambayo niliona aibu kuisema. Unajua harufu inayopanda ngazi zetu kila asubuhi. Nilikuwa nashuka, nakunywa chai tupu mbele ya rafu zilizojaa mikate ya baba yangu mzazi, halafu naenda kazini kama mpangaji.

Jumapili moja Baba akaniita chini. Alikuwa ameoka mkate wa unga wa mchele, peke yake, bila kumwambia mtu. Ulikuwa mgumu kupita maelezo, ila ulikuwa mkate, nami nilikula vipande viwili kwa furaha. Kabla jioni haijaingia nilikuwa sakafuni nimejikunja. Baba akasimama mlangoni, na usoni mwake nikauona ule mwonekano unaoujua wewe. Akasema hakuweka ngano hata punje. Hakusema kwamba najifanya, ila lilimkaa mdomoni.

Nilipomweleza daktari, aliuliza swali moja tu: unga ulikandiwa wapi? Kaka, Baba alikuwa ameukandia kwenye beseni la mbao la Babu. Nani angemtazamia aoke mkate wa maana kwenye chombo kingine? Beseni lile limekanda ngano tangu kabla hatujazaliwa. Niliporudi nikamwambia Baba. Hakubisha. Alilitoa beseni nje kwenye mwanga, akachukua ncha ya kisu, akaipitisha kwenye ufa mmoja juu ya kitambaa cheusi. Ukadondoka unga mweupe wa miaka mingi. Akapitisha kwenye ufa wa pili, na wa tatu. Alikitazama kile kitambaa kwa muda mrefu, kisha akasema polepole:

"Kumbe na yule naye hakuwa anajifanya."

Hakukutaja jina. Hakuwa na haja.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili siku ile, nimesimama nyuma ya meza ya duka, kwa hiyo usifikiri nimesimuliwa. Wewe ulikuwa unaficha vipande vyako vya mkate nyuma ya magunia, Baba akaviona wateja wakiwa wamejaa. Ukasema tumbo linauma. Akakujibu mbele ya watu kwamba kama mkate wake unakuumiza, katafute baba mwingine. Baada ya wiki mbili ukaondoka na begi moja. Miaka kumi na tisa sasa, na mnasalimiana kwa kupitia mimi na Mama kama majirani waliogombania ukuta. Simtetei. Alikosea, na alijua watu wanamtazama. Lakini nataka ujue alichokifanya tangu siku ya kile kitambaa, kwa sababu najivunia baba yetu mpaka natamani kusimamisha watu barabarani niwaambie.

Kile chumba cha nyuma alichokuwa anatupia trei mbovu, amekimwaga chote nje. Amekwangua kuta, amepaka rangi, ameweka jiko dogo, chekecheo jipya, makopo mapya ya kuokea, na kufuli. Haingii humo ila Jumapili, tanuri kubwa likiwa limezimwa, akiwa ameoga na kuvaa aproni nyingine. Mama alijaribu kuchungulia akiwa na biskuti mkononi, akarudishwa mlangoni kama mwizi. Alinuna siku mbili, ila najua aliipenda.

Kazi yenyewe ilimtesa. Unga usio na gluteni haukandwi, maana hauna cha kushikana. Unamiminwa tu kama uji mzito. Fikiria Baba, na mikono ile, amesimama mbele ya bakuli na mikono haina kazi. Tena yeye aliyezoea kupima kwa kiganja, ikabidi apime kwa mizani, gramu kwa gramu. Nilimpa daftari la shule, nikamwambia kila mkate aupe namba na maelezo yake, kama wanafunzi wangu. Ameandika kwa herufi zile zile kubwa zake. Wa kwanza, tofali. Wa nne, mchanga. Wa saba, nje sawa, ndani uji. Wa tisa, kuku wamekataa. Nilicheka peke yangu hadi machozi, lakini yeye hakucheka. Alifungua ukurasa mwingine akaanza upya. Ana miaka sabini, kaka, na mikate yake husifiwa mtaa mzima. Angeweza kupumzika na sifa zake.

Kwenye mkate wa kumi na nne akagundua kwamba mbegu za kitani zilizosagwa, ukiziloweka, hutoa ute unaoshikanisha unga. Wa kumi na saba ulikuwa na mtama, mchele, wanga kidogo wa mhogo, mayai mawili na ute huo, na mchanganyiko wenyewe aliuacha uchachuke tangu jana yake. Akautoa kwenye kopo, akaupindua, akaugonga chini kwa kifundo cha kidole. Unakumbuka alivyokuwa akitufundisha kusikiliza kama mkate umeiva. Ukalia. Akaugonga tena ili na mimi nisikie, kana kwamba mimi ni kiziwi.

Alinifanya nisubiri saa nzima upoe. Nilipouma, ganda lilipasuka kwa sauti, ndani laini, na uchachu mdogo unaobaki ulimini. Haukuwa na ladha ya hospitali, na sikulazimika kuuvumilia. Ulikuwa mtamu. Nililia mdomo ukiwa umejaa, Baba akajidai anatafuta kitu dirishani. Tumbo lilinyamaza siku ile, na kesho yake, na mpaka leo.

Jumapili iliyofuata akamkatia kipande fundi viatu wa jirani bila kumwambia kitu. Unamfahamu, yule ambaye hata maji ya kunywa huyatolea kasoro. Akala, akaomba kingine, kisha akauliza kama duka limebadilisha mkate. Wiki nzima Baba alitembea kifua mbele. Sasa kila Jumapili anaoka minane, na watu wanainunua wakiwa na matumbo mazima kabisa, kwa sababu wanaipenda tu. Yote ni ule ule wa kumi na saba. Kwenye daftari namba kumi na nane ameiandika na kuiacha wazi. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia nikafundishe watoto wa watu.

Sasa tuje kwako, na hapa usinifanyie ukaka. Simu ya mwisho ulisema umepewa tena vidonge vya kuongeza damu, na kwamba uchovu hauishi. Mimi nimeusikia wimbo huo kwenye mwili wangu. Daktari amesema ndugu wa damu wapimwe, hata wasiojisikia vibaya. Inawezekana tumbo lako halina lolote ila ukaidi, lakini nenda. Na usiache ngano kabla ya kipimo, kwa sababu ukiacha mapema majibu yanaweza kudanganya. Kula kama kawaida yako, upimwe, halafu ndipo tujue.

Kwenye kifurushi kuna mifuko mitatu ya unga ulioshachanganywa, kopo moja jipya, na maelekezo ya kuoka. Fundi viatu aliyaomba maelekezo hayo akaangaliwa mpaka akaaga. Wewe hukuomba, na Baba ameyaandika mara tatu ili yasomeke.

Nisalimie wifi sana, mwambie nguo alizonitumia sasa zinanikaa vizuri. Mbusu binti, mwambie shangazi yake anamdai barua. Mama anakusalimu na anauliza kama bado unalala na soksi. Mungu akutunze kazini na nyumbani, na hiyo mikono yako ya fundi umeme aiepushe na nyaya zisizoaminika.

Baba ameniomba karatasi kabla sijafunga bahasha, na amenitoa chumbani mwangu mwenyewe. Sitasoma alichoandika. Nikisoma nitakuambia sikusoma.

Ni mimi nikupendaye, hata unapoongelea mvua,
Mdogo wako,
Kasuku.

*

Njiti mwanangu,

Ulisema tumbo linauma, mimi nikawatazama wateja. Nisamehe.

Wa kumi na nane ni wako, uwe mgonjwa au usiwe. Njoo tuuoke. Ukila nusu ukaacha nusu, sitauliza.

Baba yako, yule yule.