Daftari Langu Linasema Hakuna Mende

Mshauri mpendwa,

Salamu nyingi, na kabla sijasema kilichomtoa kanga manyoya nianze na la heri, mtoto yuko hai, mzima, anacheka, jana tu kanipita kwenye korido mbio hadi nikamkemea, kisha nikageukia ukuta nikamshukuru Mungu, kwa hiyo unaponisoma usishike roho mkononi, aliyebaki mgonjwa hapa ni mimi, na ugonjwa wenyewe ni siri.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, huu mwaka wa kumi na tisa, na wenzangu huniita Mwalimu Kioo kwa sababu darasa langu linang'aa, madawati yamenyooka, ubao unafutwa kwa kitambaa kibichi kisha kikavu, na jina hilo, sitakudanganya, nalipenda kuliko nililopewa na wazazi. Mwaka jana shule yetu ilivamiwa na mende, na mwalimu mkuu, mama asiyejua mzaha, akasema sasa basi kupuliza dawa madarasani, maana watoto wanashinda humo, wanagusa kila kitu na vidole wanatia mdomoni, akamleta bwana afya atufundishe njia nyingine. Yule bwana akatuambia mende hafukuzwi kwa kelele, anahama mwenyewe akikosa kula, akikosa kunywa na akikosa pa kujificha, basi biskuti za watoto zikahamia kwenye makopo yenye vifuniko, mabomba yanayovuja yakakazwa, na fundi wa shule akaanza kuzunguka na bomba lake la gundi akiziba nyufa hadi tukambatiza Fundi Nyufa. Chini ya kila kabati ukawekwa mtego wa gundi, nyuma ya kila mlango likatundikwa daftari, na kila Ijumaa mwalimu anahesabu mende walionasa na kuandika, ili pale penye wengi ndipo fundi aanzie, na pakishindikana kabisa bwana afya aje apake chambo chake kidogo chenye dawa ndani ya ufa, mahali mkono wa mtoto haufiki.

Utaratibu mzuri, mshauri, na mimi ndiye niliyeuharibu. Jumatatu ya kwanza mwalimu mkuu akasoma hesabu mbele ya walimu wote, jikoni wawili, stoo mmoja, maktaba hakuna, darasa la tatu kumi na mmoja, na mwalimu wa hesabu akaangua kicheko, "Mwalimu Kioo, kumbe hicho kioo kina wapangaji!" Walimu wote hoi, hata mkuu akajifunika uso kwa karatasi, nami nikacheka nao lakini kilichocheka ni meno, moyoni nilikuwa nimeungua. Tangu siku hiyo sikuandika tena hesabu ya kweli. Kila Ijumaa watoto wakiwa wanafunga mabegi, nautoa mtego ulioshiba, nauviringisha kwenye gazeti, naenda kuutupa kwenye pipa la mbali kule getini, naweka mpya, na kwenye daftari naandika kwa mwandiko wangu mzuri, "Hakuna." Ijumaa kumi na nne, mshauri. Mkuu akawa ananitolea mfano, igeni kwa Mwalimu Kioo, na Fundi Nyufa akipita mlangoni kwangu ananipungia mkono anaendelea zake, hana kazi kwangu, wakati nyuma ya kabati langu la ramani bomba linatoa jasho la maji na maboksi ya mitihani ya zamani yamejazana hadi juu, yaani mende hawakuwa wapangaji tena, walikuwa wenye nyumba.

Siku moja naita majina, mende akatoka katikati ya rejista akapita juu ya majina ya watoto, darasa zima likapiga kelele, na mimi nikaona hadhi yangu inaondoka naye. Jioni nikanunua dawa kwa mchuuzi wa barabarani, imetiwa kwenye chupa ya soda, haina karatasi ya maelezo wala jina, akaniambia, "Mzee, hii hata nyoka anaomba msamaha." Alhamisi watoto walipoondoka nikaitia kwenye kipulizio cha kunyunyizia maua, nikapuliza nyuma ya kabati, chini ya madawati, kwenye pembe zote, na ili ishike vizuri nikafunga madirisha. Asubuhi nikawahi, nikafagia mizoga, nikafungua madirisha, harufu ikabaki, watoto wakauliza harufu ya nini, nikasema ya sabuni mpya ya sakafu.

Somo la pili halijaisha, binti mmoja akaanza kukohoa. Huyu tunamwita Golikipa, ana miaka tisa, ndiye anayedaka timu ya shule, hata wavulana wakubwa hawamfungi kirahisi, na ana pumu, jambo nililolijua, limeandikwa kwenye rejista hiyohiyo alimotokea mende. Kikohozi kikageuka mluzi, midomo ikabadilika rangi, nikambeba mbio hadi ofisini kwenye pampu yake ya kuvuta, gari la mkuu likatukimbiza hospitali, na njia nzima nimemshika mkono namwambia vuta pumzi mwanangu, huku mimi mwenyewe zangu zimenitoka. Alilazwa siku mbili akapona.

Sasa sikia kinachonila. Mama yake, fundi cherehani, alisimama kwenye kikao cha wazazi akasema, "Mwalimu huyu ndiye aliyeniokolea mtoto," wazazi wakapiga makofi, nami nikasimama nikapigiwa. Daktari alikuwa amemuuliza yule mama mtoto alifanya nini siku ya kabla, yeye akakumbuka mpira tu, kwamba mtoto alidaka uwanjani penye vumbi, basi glavu zimefungiwa kabatini, mpira marufuku, na hii ni wiki ya tatu, saa ya michezo mtoto anakaa kwenye benchi anatazama wenzake wanafungwa mabao. Juzi akaja mezani kwangu, akaniambia taratibu, "Mwalimu, mama anakusikiliza wewe. Mwambie si vumbi. Mbona nimedaka mwaka mzima na sikuumwa?" Mimi na miaka yangu kumi na tisa ya ualimu nikamjibu, "Tutaona."

Mke wangu anasema funika kombe mwanaharamu apite, mtoto si amepona, kazi ukipoteza tutakula chaki? Nami nafikiria nimbembeleze tu yule mama arudishe glavu bila kumwambia sababu, ili mambo yaishe. Chupa ina nusu bado, nimeisukuma juu ya kabati la ramani, na mende, utacheka, wamerudi. Niseme au ninyamaze, na nikisema nianzie wapi?

Ni mimi,
Mwalimu Kioo, ambacho kwa sasa kina ukungu

MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu wangu, barua yako ilifika Jumanne na sikungoja zamu ya ukurasa huu. Nilikupigia simu saa ileile, na unakumbuka neno langu la kwanza halikuwa pole wala habari za kazi, lilikuwa, "Chupa iko wapi?" Chupa ya soda, yenye sumu, isiyo na jina, ndani ya darasa la watoto wa miaka tisa wanaorudi na kiu kutoka uwanjani! Nilikuwa nesi miaka thelathini kabla ya kushika kalamu hii, na watoto waliokunywa kitu kwa sababu chombo kilifanana na soda niliwapokea kwa mikono yangu. Nashukuru uliishusha tukiwa bado tunaongea, ukaifungia kwa kufuli na kuiandika "Sumu". Usiimwage kwenye sinki wala chooni, na ukiona mtu anataka kuitupa jalalani mzuie. Mkabidhi bwana afya mkononi mwake, pamoja na kile kipulizio. Kwa simu ile nilishusha pumzi, sasa naweza kukugombeza nikiwa nimekaa.

Kosa lako unadhani ni kupuliza. Hapana, kupuliza kulikuja mwishoni. Kosa lako ni kulifanya daftari la wadudu kuwa ripoti ya tabia yako. Daftari lile ni kama kipimajoto, na mgonjwa hafichi homa ili nesi amsifu. Wale kumi na mmoja wa Jumatatu ya kwanza hawakuwa aibu, walikuwa wanamwonyesha fundi njia hadi kwenye bomba lako. Ungeandika kweli wiki mbili tu, angekaza bomba, angeziba ufa, maboksi yangetoka, na leo usingejua hata sura ya yule mchuuzi wa nyoka. Tena jua na hili, kinyesi cha mende na magamba yao huchokoza pumu. Kwa hiyo kila "Hakuna" uliyoiandika, mtoto yule alikuwa anaivuta puani. Nakuuma, najua. Nataka uumie kidogo.

Na mkuu wako naye asome hapa, maana hesabu za mende hazisomwi kama matokeo ya mtihani. Ukimcheka anayesema ukweli, wiki ijayo utaletewa uongo wenye mwandiko mzuri. Mwalimu wa hesabu, wewe nitakuacha, lakini mzaha wako ulikuwa ghali.

Sasa umeuliza useme au unyamaze. Utasema, na si kwa ajili ya kuutua mzigo wako. Utasema kwa sababu daktari anatibu akiwa amefichwa nusu ya habari. Mimi sijui kama ni dawa ile iliyomkaba mtoto, wewe pia hujui, na ndiyo maana anayejua kupima lazima aambiwe. Leo mama anamlinda mwanawe dhidi ya vumbi, kesho darasa jingine litapulizwa na mama atakuwa kashika glavu tu. Wazo lako la kumbembeleza bila kusema sababu litupe kule getini pamoja na mitego yako. Mtoto akikudai ukweli, hapewi glavu akaambiwa nyamaza.

Kesho asubuhi, kabla ya kengele, nenda kwa mwalimu mkuu. Mwambie mwenyewe, kwa mdomo, halafu umpe kwa maandishi, siku uliyopuliza, mahali na kiasi. Darasa lihame hadi lipigwe na hewa na kuoshwa kwa maji na sabuni. Kisha nenda kwa mama wa mtoto, na mkuu awe shahidi. Usianze na jinsi ulivyombeba, makofi ya hilo umeshapigiwa. Anza na chupa. Mwombe mwende wote kwa daktari, na ukifika huko usijitetee, jibu unachoulizwa. Kazi yako ikitikisika, itikisike, ila aliyekwenda mwenyewe hupokewa tofauti na aliyefumaniwa. Mkeo msalimie, umwambie kombe hili lina sumu, halifunikwi.

Halafu mwite Fundi Nyufa, umwonyeshe bomba.

Na usinielewe vibaya, mwalimu. Nimekugombeza kwa furaha. Barua kama hizi mara nyingi hunifikia zikiwa zimechelewa, mtoto hayupo, na sina la kushauri ila kulia. Yako imenifikia mtoto anakimbia kwenye korido. Piga moyo konde, uende.

*

Jibu hili nilimtumia mwalimu kabla halijachapwa, na ukurasa ulikuwa tayari kwa mchapaji alipoleta mistari hii, nami nimeomba nafasi iwekwe yote:

"Mshauri, nimekwenda. Mkuu alinisikiliza hadi mwisho, akanipa barua ya onyo, na akasema yeye pia atajiandikia moja kwa kile kicheko. Siku hizi hesabu zinakwenda kwa fundi moja kwa moja, hazisomwi kikaoni. Mama wa Golikipa alikuwa na nguo kwenye cherehani, aliposikia alisimamisha mguu. Akasema, 'Wiki tatu mwanangu ananililia, namwambia ni mkaidi.' Hakunitukana, na hakuniambia amenisamehe. Daktari ametuuliza mengi, amembadilishia mtoto dawa, akasema mpira hauna kosa, ila pampu iwe karibu na goli. Chupa anayo bwana afya.

"Fundi alipolisogeza kabati la ramani akaniuliza, 'Mwalimu, hapa ulikuwa unafuga?' Safari hii nilicheka kweli. Bomba limekazwa, ufa umezibwa, maboksi yameondoka. Leo Ijumaa, Golikipa amedaka, kafungwa moja tu, na anadai kwamba lilikuwa la kuotea. Alipita darasani na glavu zake mkononi akanikuta nimepiga magoti chini ya kabati na mtego, akainama tukahesabu wote, yeye kwa sauti.

"Walikuwa tisa. Nimeandika tisa."