Tunaikopesha Serikali, Tunaiibia Stima

Shangazi Anisa, pokea salamu zangu kutoka Baba Dogo. Barua hii nimeiandika na kuichana mara mbili, lakini jambo lenyewe limeninyima raha na sina wa kumwambia, kwa hivyo nakuomba unisikilize. Mume wangu Sylvance ni fundi wa umeme kiwandani hapa hapa mtaani, na tuko na ploti ya vyumba kumi na vinne vya mabati ambayo tulijenga pole pole, na vyumba vyote vina stima, lakini mita ni moja tu, ya nyumba yetu, hao wapangaji waya umetoka moja kwa moja kwa mlingoti wa barabarani, Sylvance aliuvuta mwenyewe, na kila mpangaji anatulipa shilingi mia tano kwa mwezi akidhani ni ya halali.

Pesa hiyo hatukuila, shangazi, usituone walafi. Niliweka kidogo kidogo miaka sita hadi ikafika laki tano, na serikali ilipotangaza bondi ya miundombinu, ya barabara na maji na hiyo hiyo stima, tukanunua kwa jina langu, kwa sababu Sylvance aliogopa watu wa kiwanda wataulizana fundi ametoa wapi laki tano. Riba inaingia kila miezi sita na ndiyo inayolipa karo. Nikimwambia tuombe mita za halali ananicheka, anasema, "Triza, sisi ndio tunawakopesha hawa watu pesa ya kujenga stima, sasa tukionja kidogo kuna ubaya gani?" Na mimi nilikuwa nacheka naye.

Sasa wiki jana mpangaji wetu Ardo, anayeuza anjera, na ana mimba ya miezi saba, alikuwa anaanika nguo mvua ikiwa imetoka tu kunyesha, akashika ukuta wa mabati, akatupwa chini. Waya ulikuwa umechubuka pale unapopita kwa paa. Nilimkimbiza hospitali, daktari akasema mtoto anacheza na yuko sawa, na tangu siku hiyo Ardo ananiombea dua mbele ya ploti nzima, anawaambia watu ni mimi niliyemwokoa, na mimi nasimama pale naitikia amina. Sijamwambia ni nini kilichompiga. Sylvance aliuzungushia ule waya selotepu nyeusi akasema imeisha.

Mita za vyumba vyote na kutandika waya upya ni karibu laki mbili, na hatuna pesa hiyo ila kwa bondi, ambayo imebakisha miaka saba kuiva ndipo turudishiwe laki tano yetu. Swali langu ni hili: niuze bondi sasa kwa hasara, ama nisubiri riba ya Januari tuanze na mita chache? Sylvance anasema nikiuza nimeuza karo ya watoto.

Triza, Baba Dogo

*

Triza, nimekusikia, na pole. Kumkimbiza Ardo hospitali ulifanya vyema. Lakini umeniuliza habari ya bondi na shida yako si bondi. Kuondoa ule waya kunagharimu pesa ngapi? Hakuna. Mita zinaweza kungoja Januari, waya hauwezi. Wewe umeyafunga haya mawili pamoja, kana kwamba lazima stima ya halali iingie ndipo ya wizi itoke.

Ukimaliza kusoma hapa, mwambie Sylvance auondoe leo. Wewe usiushike. Akikataa, piga simu ya dharura ya kampuni ya stima waje wakate, na faini ikija mtailipa. Na asikuletee hadithi za kuonja. Ukimkopesha jirani elfu moja huingii jikoni kwake kupakua nyama, unangoja akulipe, na nyinyi mnalipwa kila miezi sita bila kukosa. Mtu mzima, tena fundi, anajua selotepu juu ya mabati yenye maji ni kitu gani. Aibu ni yake, na nusu ni yako uliyecheka.

Haya, bondi. Si lazima ungoje miaka saba. Inauzwa kabla ya kuiva, kupitia benki yako, kwa bei ya siku hiyo, na unaweza kuuza sehemu na kuacha nyingine ikiendelea kuleta riba. Huenda ukapoteza kidogo, huenda usipoteze, kwa hivyo uliza bei kwanza ndipo uanze kulilia hasara. Iko kwa jina lako, huhitaji sahihi ya Sylvance. Uza ya kutosha mita na waya mpya, basi. Karo itawabana, mtabanana. Pesa hiyo ilitoka kwa wapangaji mia tano mia tano, acha iwarudie.

Halafu nenda kwa Ardo. Usimpelekee unga wala shuka za mtoto, mpelekee maneno. Mwambie ni waya gani uliompiga na ni nani aliuvuta. Akikasirika ana haki, akitaka kuhama mrudishie deposit yake siku hiyo hiyo. Na kabla hujamwambia, koma kuitikia dua zake.

Leo jioni vyumba kumi na vinne vitakuwa giza, na watu watajaa mlangoni kwako kulalamika. Wasikilize wote mpaka wa mwisho. Anayelalamika yuko hai.