Barua Iliyonikosesha Ukunga

Lukozi, Lushoto,
14 Juni, 1953.

Mpendwa kaka Nathanaeli,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mwanza, wewe na wifi Yudith. Sisi hatujambo, ila mama anakohoa kwa baridi hii. Maharage tumevuna, mahindi bado.

Kaka, sikuchaguliwa kwenda kusomea ukunga. Mke wa mchungaji alinisindikiza kuuliza sababu, na yule Bibi wa Kizungu anayechagua wanafunzi akatutolea barua uliyomwandikia kwa Kiingereza kuniombea nafasi. Akaisoma, mke wa mchungaji akinifasiria. Uliandika kwamba bado sijafikia matarajio ya ndugu zangu, lakini wanipokee hivyo hivyo.

Najua ulikusudia nini. Kwetu mtu hamsifu wa kwake mbele ya mgeni. Hata dada yetu alipoolewa, baba aliwaambia wakwe anawapa mvivu asiyejua kupika, nao wakacheka kwa kuwa ndiyo adabu. Bibi hakucheka. Alisema, kama ndugu zangu wenyewe hawajaridhika nami, yeye atanikabidhije mama anayejifungua? Tena alikusifu, kwamba ni nadra kuona karani akiutumia msemo ule wa Kiingereza sawasawa namna hiyo. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, natazama viatu vyake.

Nina hasira nawe, sikufichi. Miaka yote ile umesoma Kiingereza chao, hukujua kwamba wao huamini kilichoandikwa? Nafasi yangu kapewa binti mmoja wa kule Mponde ambaye mjomba wake alimsifu bila haya.

Wiki iliyopita nilimwandikia Bibi mimi mwenyewe, kwa Kiswahili. Nilisema ninafaa, na kwamba nimemsaidia Bi Hadija, mkunga wetu hapa kijijini, kuzalisha watoto tisa, wote wazima. Baba alipopata habari aliona aibu kuwa na binti anayejisifu, na tangu siku hiyo hagusi chakula nilichopika mimi. Jibu halijaja.

Huenda Bibi akakuandikia tena kuuliza habari zangu. Nakuomba, kaka, safari hii usinisaidie.

Mama anakusalimu sana, na mdogo wetu Mika pia. Nisalimie wifi. Mungu awalinde na homa za huko ziwani.

Wako akupendaye, ingawa leo kwa shida,
Secilia