Kazi Uliyonikataza, Tata

Mpendwa Tata,

Nilipomaliza masomo ya uuguzi, nilikuambia nataka kufanya kazi ya ambulansi. Ulikuwa umekaa mlangoni pa nyumba yetu ya Kapata, unakaza nyaya za redio. Hukuinua hata uso.

"Mi sitaki mutoto yangu aokote batu mu barabara. Iyo kazi ni ya banaume."

Nikanyamaza. Ulinilea hivyo: mtoto wa kike hawaamuru wakubwa.

Kwa hiyo siku ulipoanguka kutoka juu ya paa ukibadilisha bati, nilinyamaza pia, ingawa masomoni niliambiwa aliyeanguka hivyo asinyanyuliwe ovyo. Majirani walikuja mbio, kwa upendo wao wote. Mmoja alikushika mikono, mwingine miguu, wakakukalisha kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Kichwa chako kilikuwa kinayumba huku na huku. Ulikuwa bado unaongea. Uliuliza viatu vyako viko wapi. Tulipofika hospitalini hukuuliza tena kitu. Daktari alisema ni shingo.

Sikulia sana, Tata. Nilikasirika. Jumamosi ya kwanza baada ya matanga nilijiandikisha kwa mafunzo ya huduma ya kwanza, kwenye ukumbi wa parokia. Hapo ndipo nilipojifunza kushika kichwa cha majeruhi kisicheze. Kisha nikajifunza kuendesha gari. Mtihani ulinishinda kwenye kurudi nyuma, nikaufanya tena.

Mwezi uliopita, kwenye barabara ya Nzilo, lori lilimgonga mwendesha pikipiki. Nilipofika pale, wanaume walikuwa wameshaanza kumnyanyua.

"Batata, mumuache chini," nikawaambia hao akina baba.

Mmoja, aliyekupita wewe umri, akanitazama. "We mwanamuke, ni nani alikutuma?"

"Hakuna. Mushike miguu yake tu, musimugeuze."

Nikapiga magoti, nikashika kichwa chake mpaka machela ilipofika. Leo yule mtu anatembea.

Jumatatu naanza shule ya wahudumu wa ambulansi, Lubumbashi. Baba mdogo aliita kikao cha ukoo kunizuia. Alisema wewe usingekubali. Nikamjibu kwamba hapo amesema kweli, na kwamba nitaenda.

Nakupenda, nakukumbuka kila siku, na ulikosea. Kama ningepaza sauti siku ile, labda ungekuwepo hapa tugombane.

Pumzika salama. Sikuombi ruhusa.

Binti yako